Katarina: Alifungua Mlango, au Mlango Ulifunguka?

Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Tukisema "alifungua mlango", tunakubali kwamba Katarina aliamua. Tukisema "mlango ulifunguka", uamuzi tunamnyang'anya. Mhusika huyu mdogo wa Doctor Who, tamthilia ya BBC, alikufa katika sehemu iliyorushwa tarehe 4 Desemba 1965. Alikuwa msafiri wa kwanza wa Doctor kufa, na mashabiki bado wanabishana: alijitoa mhanga au alikosea kitufe?

Kisa chenyewe ni hiki. Katarina ni kijakazi wa Cassandra, binti wa mfalme wa Troy. Mji unapoangamia, anaingia katika chombo cha Doctor akimsaidia Steven aliyejeruhiwa. Tangu hapo anaamini kwamba amekwisha kufa, na kwamba Doctor ni mungu anayempeleka Mahali pa Ukamilifu. Muda si mrefu, katika "The Daleks' Master Plan", mfungwa mtoro aitwaye Kirksen anamteka ndani ya chumba kidogo cha kutokea nje ya chombo cha anga. Anataka warudishwe Kembel, waliko maadui Daleks. Katarina anabonyeza kitufe cha mlango wa nje. Yeye na Kirksen wanavutwa angani na kufa.

Ushahidi tulio nao ni mchache. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ile, na sehemu hii haipo kamili. Imebaki sauti iliyorekodiwa na watazamaji majumbani, pamoja na kipande kifupi cha picha za kifo chenyewe, kilichosalia kwa sababu kilionyeshwa tena katika kipindi cha watoto cha Blue Peter mwaka 1973. Katika vipande hivyo hatupati neno lolote la Katarina la kueleza nia yake.

Wapo wanaojibu kwa kutazama nyuma ya kamera. Mtayarishaji John Wiles na mhariri wa hadithi Donald Tosh waliona kwamba mtu wa Troy ya kale angewasumbua waandishi, maana kila kitu kingehitaji kuelezwa kwake. Wakaamua afe mapema. Mwigizaji Adrienne Hill alianza kazi kwa kupigwa picha za kifo chake. Hayo ni kweli, lakini yanajibu swali jingine. Yanaeleza kwa nini watayarishaji walimwondoa. Hayaelezi Katarina alifanya nini mle chumbani.

Hoja kubwa ya wanaosema ni ajali ni kwamba mtu wa kale asingejua vitufe. Hoja hii tunaikataa. Wengi wetu hatujui lifti inavyofanya kazi, lakini tunajua kitufe kinafungua mlango. Kutojua mashine si kutojua jambo lililo mbele yako. Katarina alijua nani amemshika, nani yuko hatarini na nani anamwamini.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: aliyeamini amekwisha kufa anawezaje kutoa uhai wake? Lakini kwake safari ilikuwa bado haijafika mwisho, na aliyekuwa akimwongoza ndiye aliyetishiwa. Alikuwa na kitu cha kulinda. Doctor mwenyewe, baada ya tukio, anasema Katarina alitaka kuwaokoa. Ushahidi wa Doctor unaweza kupingwa kama wa mfiwa yeyote, ila hakuna aliyekaa karibu zaidi na tukio.

Mwanahistoria hukutana na watu wa aina hii kila mara: watumishi na watumwa ambao matendo yao yameandikwa lakini sababu zao hazikuandikwa. Ni rahisi kuyaita matendo yao bahati au ajali, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba maamuzi ni ya wakubwa. Kwa Katarina, ushahidi uliopo unaelemea upande mmoja, nasi tunaandika: alifungua mlango.