Mji wa Wageni, Mlima wa Wenyewe

Moshi lilikuwa jina la umangi, yaani utawala wa chifu wa Kichaga, kabla ya kuwa jina la mji. Mangi Rindi alitawala juu mlimani Kilimanjaro, mahali panapoitwa sasa Old Moshi, hadi alipofariki mwaka 1891. Wajerumani walipomshinda mwanawe Meli mwaka 1893 walijenga boma hukohuko, na mwaka 1900 wakamnyonga Meli pamoja na viongozi wenzake. Kilichouteremsha mji hadi tambarare ni reli. Njia iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika chini ya mlima mwaka 1911, na kwa kuwa treni haikuweza kupanda, serikali na maduka yakaifuata stesheni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiunganisha na reli ya Voi, mizigo ikapata njia ya Mombasa. Mwaka 1929 reli ikafika Arusha.

Waliojaza mji huo mpya walikuwa wageni zaidi ya wenyeji. Wahindi walifungua maduka, Masingasinga wakashika ufundi, Wagiriki na Wazungu wengine wakalima mashamba makubwa miteremkoni. Waswahili wa pwani, Wapare, Wakamba na watu wa bara walipanga vyumba Majengo, Njoro na baadaye Pasua. Kusini, huko Arusha Chini, kampuni ya Kidenmaki iliyojulikana kwa kifupi chake, TPC, ilianza kulima miwa mwaka 1930, na sehemu kubwa ya vibarua wake walitoka mbali. Mchaga mwenye kihamba hakuona sababu ya kumkatia mtu miwa.

Kihamba ndicho kilichoamua nani aishi mjini. Ni shamba la ukoo, la migomba juu na kahawa chini yake, na nyumba katikati. Ng'ombe hufungwa zizini na kuletewa majani, samadi yao ikarudi kwenye migomba. Maji huletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa na kutunzwa kwa zamu tangu zamani. Ndizi hizo ni chakula, na zikichanganywa na ulezi ni pombe ya mbege. Mababu wamezikwa humo. Mwenye mali ya namna hiyo aliweza kushuka mjini asubuhi kuuza au kufanya kazi, jioni akarudi kwake kulala.

Hapa ndipo Moshi inapoachana na miji ya viwanda ya Marekani. Chicago ilivuka watu milioni moja kufikia mwaka 1890, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya na watoto wao, ambao hawakuwa na pa kurudi kiwanda kikifungwa. Wapenda mageuzi kama Jane Addams, aliyeanzisha Hull House mwaka 1889, walikwenda kuwafuata katika mitaa yao duni. Mlimani, mageuzi yalipandwa shambani.

Kahawa ililetwa na mapadri wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza wilayani Moshi, aliwahimiza Wachaga waipande. Walowezi walipinga vikali: walisema kahawa ya Waafrika italeta magonjwa na wizi, ingawa hofu yao kubwa, kwa dalili zote, ilikuwa kukosa vibarua. Wakulima walijibu kwa kuunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, kikiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Mwaka 1933 serikali ilikigeuza kuwa chama cha ushirika, KNCU. Kulazimishwa kuuza kupitia chama hicho kulizua ghasia mwaka 1937, hata hivyo ushirika ulidumu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Familia ilichuma kahawa mbivu, ikaimenya kwa mashine ya mkono, ikaivundika, ikaiosha na kuianika juu ya vichanja. Ikishakauka ilipelekwa chama cha msingi kupimwa, mkulima akapewa malipo ya awali, kisha gunia likashuka Moshi kwenye kiwanda cha kukoboa na hatimaye mnadani. Malipo ya pili yalikuja baadaye, na nyumba nyingi zilipanga ada za shule kwa kuyatazamia. Fedha za kahawa zilijenga madarasa na kusomesha vijana.

Lakini ardhi haikuongezeka. Kwa mila, kifungua mimba alipewa sehemu yake baba akiwa hai, kitinda mimba akarithi nyumba. Wa kati walitafutiwa pori jipya. Pori hilo lilikuwa limeshikwa na walowezi, na tume ya ardhi ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa taarifa mwaka 1947, haikuweza kulimaliza tatizo. Wa kati ndio waliotangulia kuhama: Moshi, Arusha, Dar es Salaam. Mchungaji Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi, alikuwa ameonya kwamba mji humng'oa mtu katika ukoo wake. Alikosea kwa sehemu, kwa kuwa mhamaji huyo alitoka akiwa na shule na nauli ya kurudi.

Waliokosa kihamba walijipanga kwa njia yao. Mitaa ya Moshi yenye Waislamu wengi ilikuwa ngome ya TANU, chama cha kudai uhuru, miaka ya 1950, na wanawake kama Halima Selengia walikuwa mstari wa mbele, huku siasa za mlimani zikizunguka kiti cha Mangi Mkuu Thomas Marealle.

Baada ya uhuru vilikuja viwanda vya magunia na ngozi, na hospitali ya KCMC mwaka 1971. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980, lakini bei ya kahawa iliporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, na wengi waling'oa mibuni wakapanda mboga. Wakazi wa mji, waliokuwa karibu 27,000 mwaka 1967, walizidi 184,000 mwaka 2012. Kila Desemba barabara hujaa Wachaga wanaorudi, na Watanzania wengine huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Kwenye vikao vya ukoo vya msimu huo shauri la kawaida sasa ni viwanja: mji unapanda kuelekea Rau na Uru, na ndugu hubishana iwapo kihamba kilichogawanywa mara nne kinaweza kuuzwa kwa mtu wa nje.