Kutoka Kengeleni Hadi Katiba: Shule za Mombasa Bara

Shule za Mombasa bara hazikuanza na wenye nasaba wala mali. Zilianza na watu waliotoka utumwani. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha makazi ya Frere Town, Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, wapate kuwapokea walionusuriwa na manowari za Waingereza katika majahazi ya biashara ya watumwa. Kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake.

Walimu wa zama zile hatujawapa haki yao. William Jones na Ishmael Semler walinusuriwa wakiwa wadogo, wakasomeshwa India, kisha wakarudi pwani kufundisha na kuhubiri, Jones Rabai na Semler Frere Town. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi. Waliokuwa bidhaa sasa walishika chaki, wakiwasomesha wenzao waliopitia madhila yale yale. Sijui ushahidi mkubwa kuliko huo wa thamani ya elimu.

Hata hivyo, shule ya Frere Town ilikuwa ya kanisa. Wazazi Waislamu wa Kisauni na Likoni walikuwa na vyuo vyao vya Kurani, na wengi walihofia kwamba mtoto akienda skuli atarudi na dini nyingine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, wala haifai kuitwa ujinga. Katika miaka ya 1930 mwanazuoni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwahimiza Waislamu, kupitia magazeti yake, watafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini. Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, iliwagawa watoto kwa rangi: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, za Waafrika mwisho. Nazo shule nyingi zenye jina zilijengwa kisiwani.

Uhuru ulivunja ubaguzi wa rangi shuleni, na Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ikataka mfumo mmoja wa taifa. Ikabaki pesa. Mwaka 1974 karo ilifutwa darasa la kwanza hadi la nne, lakini michango ya ujenzi ikaingia mahali pake, na mtoto wa kibarua wa Changamwe akarudishwa nyumbani vile vile. Januari 2003 karo ya msingi ilifutwa nchi nzima. Wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yalifurika, walimu wakazidiwa. Mimi nahesabu msongamano ule kuwa ushindi, kwa sababu ulionyesha ni watoto wangapi waliokuwa wamefungiwa nje kwa ajili ya shilingi tu. Kisha Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, ikaifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, bure na ya lazima.

Haki hiyo sasa inadaiwa kwa vitendo. Wapo watoto wa Likoni ambao bado huvuka kwa feri alfajiri kutafuta masomo kisiwani, na sare, vitabu na chakula bado ni mzigo wa mzazi. Serikali ijenge sekondari za kutwa za kutosha Likoni, Kisauni na Changamwe, iziajirie walimu, na majina ya Jones na Semler yafundishwe humo.