Kidonge kilichomwangusha profesa

Nusu karne imepita tangu Mei 1975, Profesa Robert Smith alipomeza debrisokwini, dawa ya presha, katika maabara ya Hospitali ya St Mary's jijini London. Wenzake nao walimeza, wakaendelea na kazi. Yeye hazikupita saa mbili kichwa kikamzunguka, akashindwa kusimama. Presha ilipopimwa, ilisoma 70/50.

Siri ilitoka kwenye mkojo. Wa wenzake ulijaa mabaki ya dawa iliyokwisha kuvunjwa na ini. Wake ulibeba dawa yenyewe, karibu kama ilivyomezwa. Smith hakuliita tukio lile mkosi wa siku moja. Yeye na wenzake walipima watu 94, na mwaka 1977 wakaandika katika jarida la Lancet kwamba kasoro ile hurithiwa. Mwaka 1988 jeni yenyewe ikanaswa. Leo huitwa CYP2D6.

Kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo huvunja pia dawa nyingi za akili, ikiwemo amitriptilini ya sonona. Hapo ndipo ilipozaliwa ahadi: pima jeni kwanza, kisha mpe mgonjwa dozi ya mwili wake. Marekani iliidhinisha kipimo mwaka 2004.

Afrika haikuwa mtazamaji. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza toleo la jeni hiyo, *17, lililoenea kwa Waafrika na lenye kasi ndogo. Mwaka uleule Eleni Aklillu alionyesha kwamba Waethiopia wengi wana nakala za ziada, na miili yao humaliza dawa upesi mno. Mwaka 2001 likaelezwa *29, kutokana na damu ya Watanzania. Damu yetu!

Na tumefaidika nini? Nenda dirisha la dawa la hospitali yoyote ya wilaya. Utapewa kibahasha cha karatasi, vidonge vya amitriptilini vya miligramu 25 vimehesabiwa kwa kijiko, juu kimeandikwa kwa kalamu: 1x1 usiku. Mwenye ini la haraka na mwenye ini la pole wanapewa kibahasha kilekile. Huu ni uzembe, na unaniuma.

Lakini wauza vipimo nao wamezidisha sifa. Utafiti wa mwaka 2022 kwa wanajeshi wa zamani 1,944 wa Marekani wenye sonona ulionyesha nafuu ndogo kwa waliotibiwa kwa kufuata kipimo. Kufikia wiki ya 24 tofauti ilikuwa imefifia. Jeni ya ini hueleza dawa inavyotoka mwilini. Haisemi kwa nini mama aliyefiwa halali, wala dawa ipi itamrudishia usingizi.

Mama huyo akirudi baada ya wiki mbili, mtu amuulize: ukisimama, kichwa kinazunguka? Amitriptilini hushusha presha vilevile, na swali hilo halihitaji maabara.