Faiawoli rahisi ni ile inayokuambia inafanya nini

Taja faiawoli au poti mbele ya mtu wa kawaida mwenye kompyuta uone vile atabadilisha stori. Wengi husema ni ugumu wa teknolojia tu. Mimi sikubali. Ukifuata historia, utaona ugumu huu ni maamuzi ya watu, na kuna siku uamuzi mmoja tu uliupunguza.

Novemba 1988, programu ya Morris iliyojisambaza yenyewe ililemaza maelfu ya kompyuta, nyingi zikiwa za vyuo na maabara za Marekani. Baada ya hapo faiawoli zikaanza kuchukuliwa kwa uzito: mlinzi getini anayekagua data inayoingia na kutoka. Lakini huyo alikuwa mlinzi wa mashirika makubwa. Mtu wa nyumbani hakuhesabiwa.

Mwaka 1994 ikaja NAT, kwa sababu anwani za IP zilikuwa zinaelekea kuisha. Fikiria ploti yenye nyumba ishirini na geti moja. Ukituma ujumbe nje, soja anakumbuka ni wako, na jibu linakufikia. Mgeni ambaye hakuitwa anarudishwa, maana soja hajui anaenda nyumba gani. Kuelekeza poti ni kumwachia soja maagizo: anayegonga namba hii, mpeleke nyumba ya saba. Maagizo yenyewe ni mepesi, lakini yalifichwa kwenye kurasa za ruta zilizojaa 192.168, TCP na UDP. Sasa nyanya yako angejuaje?

Windows XP ilipotoka 2001 ilikuja na faiawoli ndani, ila kwa kawaida ilikuwa imezimwa na kufichwa kwenye mipangilio ya mtandao. Agosti 2003 Blaster ikapitia poti 135. Hukuhitaji kubonyeza kitu. Kuunganishwa na intaneti kulitosha, halafu unaona kompyuta inahesabu sekunde 60 ijizime. Mwaka uliofuata Sasser ikapitia poti 445. Ni Agosti 2004, kwenye Service Pack 2, ndipo Microsoft waliiwasha faiawoli kwa kila mtu. Hakuna aliyepelekwa darasani. Swichi ilihamishwa tu.

Upande wa kuelekeza poti, dawa ilikuwa UPnP. Gemu au kamera inaiomba ruta ifungue mlango, na ruta inafungua bila kuuliza nenosiri. Rahisi kabisa, lakini mwenye nyumba hajui lolote. Mwaka 2013 watafiti wa Rapid7 walieleza kwamba walipata anwani zaidi ya milioni 80 zikijibu maswali ya UPnP kutoka intaneti, mahali ambapo hazikupaswa kusikika kabisa. Yaani soja anapiga stori na wapita njia.

Kwa hivyo kuna urahisi wa aina mbili. Mmoja unakuficha mambo, mwingine unakuelezea. Huu wa pili ndio Ubuntu walijaribu 2008 kwa ufw, jina linalomaanisha faiawoli isiyo na mambo mengi. Badala ya mistari mirefu ya iptables, unaandika ruhusu hiki, kataa kile. Baadaye Gufw ikaongeza vitufe vya kubonyeza.

Mimi naona hata hapo hatujafika. Programu ikitaka mlango, iniambie kwa lugha ya watu: nani ataingia, kupitia wapi, mpaka lini. Na mlango ujifunge muda ukiisha.

Hii inatugusa hata sisi huku Kenya. Ukitumia data ya simu, mara nyingi kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hiyo ni ploti ndani ya ploti, na geti la nje si lako. Kijana anakesha akijaribu kuweka seva ya gemu, amejaza kila kitu sawasawa, na bado marafiki hawaingii. Anajiona mjinga bure. Angalia anwani ya nje kwenye ruta yako: ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, hilo ni fungu lililotengwa 2012 kwa mpango huohuo. Kompyuta inaweza kusoma namba hiyo kwa sekunde moja na kukuambia, "Umeweka sawa, geti la kampuni ndilo limefungwa." Ni sentensi moja tu. Mbona haijaandikwa?