Sungura wa Peter, paka wa Wolpe na tarakilishi

Msomaji, mimi ni mtu wa kuandika programu, lakini leo niruhusu niingie shamba la wanasaikolojia. Huko kuna tiba ya woga uliopita kiasi, ule unaoitwa fobia, na historia yake inaishia kwenye tarakilishi.

Mwaka 1920, John B. Watson na Rosalie Rayner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walimfundisha mtoto mchanga waliyemwita Albert kumwogopa panya mweupe. Mtoto akimgusa panya, wao wanagonga chuma kwa nyundo nyuma yake. Haikuchukua muda Albert akawa analia kwa kumwona panya tu, na hata sungura. Watson alipata alichotaka: woga hufunzwa. Albert akaenda zake na woga wake, hakuna aliyeuondoa. Kisa hiki kimo karibu katika kila kitabu cha saikolojia, na sipendi kwamba kinajulikana kuliko kilichofuata.

Mwaka 1924 Mary Cover Jones alichapisha habari za Peter, mtoto wa karibu miaka 3 aliyeogopa sungura. Peter aliketishwa akila vitu anavyovipenda, na sungura akaletwa ndani ya kizimba, mbali naye. Siku baada ya siku akasogezwa karibu kidogo, kisha akafunguliwa. Katikati ya kazi hiyo Peter aliugua, akalazwa takriban miezi 2, na siku ya kutoka hospitali mbwa mkubwa akamrukia. Woga wote ukarudi! Jones akaanza tena. Mwishowe Peter alimpapasa sungura na kumwacha amng'ate-ng'ate vidole.

Kazi hiyo ilikaa kwenye rafu miaka mingi. Aliyeipa nguvu mpya ni Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliona dawa haziwasaidii sana askari waliovurugwa na vita. Baadaye alijaribu na paka waliotiwa woga kwa umeme: aliwalisha kwanza katika chumba kisichofanana sana na kile cha mateso, kisha kinachofanana zaidi, na zaidi. Kwa binadamu, badala ya chakula alitumia kulegeza misuli. Mgonjwa anaorodhesha vitishio vyake kuanzia kidogo, analegea, anawaza cha kwanza. Akishtuka, anarudia. Akitulia, anakwenda cha pili. (Ukiwahi kuandika programu, umeshaitambua hiyo.) Kitabu chake kilitoka 1958, na wafuasi wa Freud hawakufurahi: walidai ukiondoa woga huu, shida itazuka kwingine.

Mwaka 1995 mwanasaikolojia Barbara Rothbaum na mtaalamu wa tarakilishi Larry Hodges walichapisha jaribio la wanafunzi wanaoogopa kimo. Walivishwa kofia yenye skrini, wakapandishwa madaraja, roshani na lifti ya kioo ambavyo havikuwapo. Picha za siku zile zilikuwa duni, lakini zilitosha kuamsha woga, na kuutuliza.

Ila woga haufutwi. Pavlov alishaona kwa mbwa wake kwamba mazoea yaliyozimwa huibuka tena baada ya mapumziko. Kwa lugha yetu, faili la zamani linabaki, jipya linaandikwa kando yake. Ndiyo maana watabibu wa leo hubadilisha mambo makusudi: buibui mwingine, ngazi nyingine, chumba kingine.