Wind Mobile na Soko la Simu la Kanada

Simu ya mkononi ilianza kutumika Kanada tarehe 1 Julai 1985, pale Meya wa Toronto, Art Eggleton, alipompigia mwenzake wa Montreal, Jean Drapeau. Mazungumzo yao yalipita katika mtandao wa Cantel, kampuni iliyokuja kuitwa Rogers. Mwaka 1996 wakaingia wageni wawili, Clearnet na Microcell, huyu wa pili akiuza huduma zake kwa jina la Fido. Hawakudumu. Telus iliinunua Clearnet mwaka 2000, na Rogers ikainunua Microcell mwaka 2004. Ukiacha kampuni chache za majimbo, kama SaskTel ya Saskatchewan, soko likabaki kwa Rogers, Bell na Telus.

Msomaji aliyezoea kununua laini dukani na kuweka vocha ya kiasi alichonacho angeshangazwa na desturi za soko hilo. Mteja wa kawaida alifungwa mkataba wa miaka 3: alipewa simu kwa bei ya chini, na akitaka kuhama kabla ya muda alilipa faini. Kila mwezi bili iliongezewa ada ya kuunganishwa na mtandao, karibu dola 7, nje ya bei iliyotangazwa. Hata aliyepigiwa alikatwa dakika za maongezi.

Mwaka 2008 serikali iliamua kufungua mlango. Katika mnada wa masafa ulioanza Mei na kumalizika Julai, megahezi 40 zilitengwa kwa ajili ya kampuni mpya, na wakubwa wakazuiwa kuzigusa. Mnada wote uliingiza dola za Kanada bilioni 4.25. Globalive, kampuni ya Toronto iliyoongozwa na Anthony Lacavera, ilitoa dola milioni 442 na kupata masafa karibu nchi nzima isipokuwa sehemu kubwa ya Quebec. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka Toronto. Ilitoka Cairo, kwa Orascom ya Naguib Sawiris, iliyokuwa tayari na mitandao Algeria, Pakistan, Bangladesh na hata Burundi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Sheria ya Kanada ilitaka kampuni ya simu imilikiwe na Wakanada na pia iongozwe nao kwa vitendo, si kwenye karatasi tu. Kwenye karatasi Globalive ilikuwa safi, kwa kuwa hisa nyingi zenye kura zilikuwa za Lacavera. Lakini Orascom ilishika takriban asilimia 65 ya mtaji na ndiyo iliyoikopesha kampuni zaidi ya dola milioni 500. Jina la biashara, Wind, nalo lilikuwa la Sawiris, aliyelitumia pia Italia. Tarehe 29 Oktoba 2009, tume inayosimamia mawasiliano, CRTC, iliamua kwamba Globalive haikuwa kampuni ya Kikanada. Minara ilikuwa imekwishasimamishwa na wafanyakazi kuajiriwa.

Baraza la Mawaziri liliutengua uamuzi huo tarehe 11 Desemba, kwa tangazo la Waziri wa Viwanda, Tony Clement. Siku tano baadaye Wind Mobile ilifungua milango Toronto, na punde ikafuata Calgary. Kesi haikuishia hapo: Februari 2011 Mahakama ya Shirikisho ilisema mawaziri walikosea, Juni mahakama ya rufaa ikawapa haki, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa ili kampuni yenye chini ya asilimia 10 ya soko iweze kumilikiwa na wageni.

Sokoni, Wind iliuza huduma bila mkataba wala ile ada ya kuunganishwa, pamoja na vifurushi vya maongezi yasiyo na kikomo. Mwaka 2010 ilifuatwa na Mobilicity na Public Mobile, na Rogers ikaanzisha Chatr, jina la bei nafuu la kupambana na wageni hao. Udhaifu wa Wind ulikuwa kwenye masafa yenyewe. Simu nyingi zilizotamaniwa wakati huo, iPhone ikiwamo, hazikuyapokea, na mteja akitoka nje ya miji yenye minara ya Wind alitozwa zaidi. Mikataba ya miaka 3 ilikufa mwishoni mwa 2013, CRTC ilipoweka kanuni iliyomruhusu mteja kuondoka bila faini baada ya miaka 2.

Mwaka huohuo Telus iliichukua Public Mobile, na mwaka 2015 Rogers ikaichukua Mobilicity. VimpelCom, kampuni iliyokuwa imechukua mali za simu za Sawiris, ilijitoa Wind mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 135 tu. Kabla ya miezi 18 kupita, Shaw ya Calgary ilikubali kuinunua kampuni nzima kwa dola bilioni 1.6. Novemba 2016 jina likawa Freedom Mobile. Rogers ilipotaka kuinunua Shaw, serikali haikukubali Freedom iende pamoja nayo. Aprili 2023 Freedom iliuzwa kwa dola bilioni 2.85 kwa Vidéotron ya Quebec, ambayo nayo ilikuwa imenunua masafa katika mnada wa 2008.