Kinu, Mbuzi ya Nazi na Mizani

Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kupunguza uzito hushauriwa apunguze wanga na ajiandikishe jimu. Akiuliza kama kufua, kupiga deki na kupandisha ndoo za maji ghorofani navyo vinahesabika, atapata majibu ya aina mbili: wako watakaomcheka, na wako watakaomwambia kwamba mama aliyelea watoto sita hakuhitaji jimu. Wote wanajibu kwa haraka. Swali hili lina historia, na sijui pa kuisoma vizuri kuliko Kariakoo na mitaa inayoizunguka, ambako ndani ya miaka mia moja na kidogo kazi ya kuendesha nyumba ilihama kutoka mikononi mwa mtu ikaenda kwenye mashine, kwenye bomba na kwenye karai la mpishi wa barabarani. Ninavyoisoma mimi historia hiyo, kazi za nyumbani zilihesabika na bado zinahesabika, ila sisi tunazihesabu upande mmoja. Tunauliza zilichoma kalori ngapi, tunasahau kuuliza zilizuia ngapi zisiingie mwilini.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa wameanza kujenga jengo la soko upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 wakaligeuza eneo hilo kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, na jina la kikosi likabaki hapo hadi leo: Kariakoo. Katika miaka ya 1920 serikali mpya ikaugawa mji kwa kanda za ujenzi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikabaki wazi kama mpaka. Viwanja vya Kariakoo vikajaa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma ambako ndiko jiko, bafu na choo. J. A. K. Leslie, aliyefanya utafiti wake juu ya mji huu mwaka 1956 na kuuchapisha mwaka 1963, alizikuta nyumba hizo zikipangishwa chumba kimoja kimoja, kila mpangaji na moto wake. Hapo hapakuwa na kaunta wala sinki. Karibu kila kazi ilifanyika nje ya chumba, chini, kwa kuinama au kuchuchumaa, na kila chombo kilibebwa kutoka chumbani kwenda uani na kurudi.

Chukua mlo mmoja tu, wali wa nazi na samaki. Nazi hufuliwa kwanza, kisha huvunjwa kwa kisu kizito. Mkunaji hukaa juu ya mbuzi, kibao chenye mguu wa kukunja na ulimi wa chuma wenye meno, akaegemea mbele huku viganja viwili vikikizungusha kifuu na mabega yakifanya kazi ambayo mikono peke yake haiwezi. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, hukamuliwa kwenye kifumbu, likatoka tui la kwanza, kisha la pili. Wakati huo mchele umepetwa kwenye ungo na kuchaguliwa mawe, mkaa umepepewa hadi ukashika, na maji yamekwisha kuletwa kwa debe la lita 18 hivi, kutoka bomba la mtaa au kwa mchota maji aliyelipwa. Siku za ugali wa mahindi yaliyotwangwa nyumbani, kinu na mchi huja kabla ya yote hayo. Sahani zikishaliwa, kunabaki kukosha vyombo, kumwaga majivu na kufagia uani kwa fagio la chelewa.

Kazi hizo zina vipimo vyake. Wataalamu wa lishe, wakiwamo wa FAO na WHO, huzipima kwa kuzilinganisha na mwili uliopumzika. Kupika kwa kusimama ni kama mara mbili ya kupumzika, kufagia na kufua kwa mikono ni kama mara tatu au nne, kubeba maji ni zaidi ya mara nne, na kutwanga ni zaidi ya mara tano. Mwanamke wa kilo 60 akiwa amepumzika hutumia takribani kalori 60 kwa saa. Basi saa moja ya kutwanga humgharimu kalori 300 na kitu, lakini 60 kati ya hizo angezitumia hata angelala, kwa hiyo faida halisi ni kama 240. Saa nzima ya kufagia humpa faida ya kalori 140 hivi, na soda moja ya chupa ya mililita 350 huzifuta zote kwa sababu ina kalori 150 hivi. Hesabu hii inavunja moyo, na ndiyo inayowapa nguvu wanaocheka. Inaacha nje jambo moja: ule unga uliotoka kinuni. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,500. Mtwangaji hakutwanga ili achome 240, alitwanga ili watu wale. Bila ile saa ya kutwanga, ugali usingekuwapo.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa kazi za nyumbani kwa jambo hili la unene. Kila mlo ulikuwa na bei ambayo haikulipwa kwa shilingi, ililipwa kwa mikono na mgongo, tena kabla ya kuula. Nani angekuna nazi saa nne usiku kwa sababu tu ametamani kitu cha mafuta? Chakula cha kutamani kilikuwapo, tena kitamu, lakini kilisubiri siku yake, sikukuu au mgeni, kwa kuwa aliyekipika alijua kitakavyomchosha. Kalori za leo zikiteketezwa kidogo bado zinaweza kurudishwa na chupa moja dukani. Zile za zamani zilizuiwa mlangoni.

Mlango huo ulifunguliwa polepole, na kila hatua ilipokelewa kwa shangwe, kwa haki kabisa. Mashine za kukoboa na kusaga zilianza kukipumzisha kinu. Shirika la Taifa la Usagishaji lilipoundwa mwaka 1968, sembe ikawa chakula cha mji kwa maana kamili, ikiuzwa kwa ruzuku ya serikali ambayo ilidumu hadi 1984. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu yalifika mwaka 1959, ya Ruvu Chini mwaka 1976. Soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu wa Kitanzania Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na sakafu yake ya chini ya ardhi, na mji wote ukawa na mahali pamoja pa kununua karibu kila kitu. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zikaanza kubomolewa moja moja, ghorofa zikapanda Msimbazi, Mtaa wa Kongo na Narung'ombe. Uani ukatoweka. Nazi inakunwa kwa mashine ya umeme mnunuzi akisubiri, au tui linatoka kwenye pakiti. Kitunguu saumu kinauzwa kimeshamenywa. Chipsi mayai, chakula ambacho nyumbani kingedai kumenya viazi, kuvikata na kuchemsha mafuta mengi, kinapatikana kwa kunyoosha mkono, dakika kumi, saa yoyote.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwamba kazi haikupungua kwa wote, na atakuwa na ushahidi. Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji majumbani Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, wakachapisha kitabu chao mwaka 1972. Watafiti waliorudia kazi hiyo miaka 30 baadaye walikuta kwamba kwa nyumba zisizo na bomba, muda wa kuchota maji kwa siku ulikuwa umepanda kutoka wastani wa dakika 28 hadi 92, huku wenye mabomba nao wakipata maji kwa shida kuliko zamani. Mji ulikua haraka kuliko mabomba yake. Nalikubali hilo bila shida, na linasaidia kutofautisha kazi na kazi. Kuchota maji kunachosha lakini hakusimami kati ya mtu na chipsi. Mtu aweza kubeba ndoo saa nzima, kisha akala chakula ambacho hakikumgharimu jasho lolote. Kazi zilizoondoka Kariakoo ni hasa zile za kutengeneza chakula, na hizo ndizo zilizokuwa zikizuia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu walizotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Inaelekea mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Kama ni hivyo, basi hata kutwanga kila siku hakukumpa mtwangaji kalori zote 240 za ziada, na kuacha kutwanga hakukumnenepesha kwa kiasi hicho. Nadhani matokeo haya yanaidhoofisha hoja ya anayedai kwamba deki ni dawa ya kitambi. Hoja ya mlango hayaigusi. Wahadzabe ni wembamba, na chakula chao kimejaa nyuzinyuzi na hakipatikani bila kuchimbwa, kupasuliwa na kuchomwa. Wala matokeo hayo hayafuti faida nyingine za kuushughulisha mwili: mwaka 1953 mtafiti Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa.

Na wale akina mama wanene wa pwani ya zamani, je? Unene uliheshimiwa kabla ya mashine na kabla ya chipsi, ndiyo. Lakini ni nani waliokuwa wanene? Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Kabla ya hapo nyumba zenye uwezo zilikuwa na mikono mingine kwenye kinu, na baadaye wenye uwezo walikuwa na boi wa kupika na kufua. Unene ulionyesha heshima kwa sababu ulionyesha kwamba mtu anakula bila kutwanga. Mji wa leo umewapa wengi hali iliyokuwa ya wachache. Kati ya tafiti za kitaifa za afya za 2004-05 na 2015-16, wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walipanda kutoka asilimia 18 hadi 28 nchini kote.

Kwa anayetaka jibu la matumizi, basi: kazi unayoifanya kila siku mwili wako umeshaiweka kwenye hesabu zake, na uzito ulio nao ndio uzito wa mtu anayeifanya. Haitakupunguza. Itakayokusaidia ni ya ziada, na hata hiyo kwa kiasi. Utafiti wa Ireland ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2013, wa watu 4,563, ulikuta kwamba waliojihesabia dakika nyingi za kazi za nyumbani hawakuwa wembamba kuliko wenzao, walikuwa wazito zaidi. Huenda walizidisha dakika, au walijituza kwa kula. WHO kwa upande wake inazihesabu kazi za nyumbani, na tangu 2020 haidai tena zidumu dakika kumi mfululizo, lakini inazihesabu kwa afya ya moyo na mwili mzima, jambo pana kuliko kilo. Na kama kuna kazi moja ya kurudisha, ningechagua kupika chakula chako mwenyewe kuanzia kwenye nazi nzima kabla ya kuchagua deki.

Siandiki haya ili kinu kirudi. Kilichukua miaka ya wanawake ambayo wangeitumia shuleni au dukani, na moshi wa mkaa umewadhuru. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034, na ni mkakati mzuri. Tena si kila nyumba ya ghorofani iliyoachana na kazi hizi. Nyingi zimemwachia dada wa kazi, ambaye hufua kwa beseni na kupanda ngazi na mtungi wa gesi lifti ikikwama, wakati ushauri wa kupunguza uzito unasomwa sebuleni na mwajiri wake.